Askari, Likizo Yake na Ardhi ya Wazee Wake

Kila mwaka ifikapo juma la tatu la Desemba, mji mkuu wetu wa Kampala huanza kumwagika kuelekea vijijini. Vituo vya mabasi vya Namayiba, Kisenyi na vinginevyo hufurika watu na mizigo. Mifuko ya sukari, katoni za sabuni, magodoro yaliyokunjwa na hata viti vya plastiki hupandishwa juu ya magari, na nauli ambayo mwezi Novemba ilikuwa ya kawaida hupanda maradufu katika muda wa siku chache. Magazeti huandika juu ya nauli hizo, na polisi hutoa hadhari juu ya mwendo wa kasi. Kisha, baada ya Mwaka Mpya, watu hao hao hurejea mjini, na habari yote husahauliwa hadi Desemba nyingine.

Lile lisilotazamwa ipasavyo ni sababu ya safari yenyewe. Mchuuzi wa Kikuubo, ambaye mwaka mzima huhesabu kila shilingi, huwa radhi kutumia faida ya miezi miwili ili awe nyumbani siku tano tu. Mgeni huenda akadhani kwamba ni kwa ajili ya kula nyama na kucheza ngoma. Nyama ipo, na ngoma ipo. Lakini katika sehemu kubwa ya Uganda mkutano wa ukoo ufanyikao mwishoni mwa mwaka ni baraza, ni mahakama, na ni ofisi ya ardhi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo huamuliwa nani atalima upande gani mvua zitakaporudi, kijana aliyeoa atajenga wapi, yatima wa marehemu watalelewa na shangazi yupi, na mpaka uliogombaniwa tangu masika umepita wapi. Maamuzi hayo mara nyingi hayaandikwi popote. Hata hivyo huwafunga wote, waliokuwapo na wasiokuwapo. Na katika wasiokuwapo, tulio wengi ni sisi wa jeshi na wa polisi.

Kutokuwapo huko kumezoeleka kutajwa kama jambo la huzuni ya moyo, jambo la barua na simu za kuwatakia heri walioko nyumbani. Makala haya yanadai kwamba ni jambo la mali, la sheria, na mwishowe la amani ya nchi, na kwamba historia ya karibu ya nchi yetu imekwisha kutuonyesha gharama yake.

Sababu ya kutokuwapo inajulikana kwa kila aliyevaa sare. Wakati raia anapofunga mzigo wake, ndipo mkuu wa kikosi anapopokea amri ya kuongeza ulinzi. Mabomu ya Julai 11, 2010 pale Kyadondo na Kabalagala, na yale ya Novemba 16, 2021 karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na karibu na Bunge mjini Kampala, yalitufundisha kwamba adui hutafuta mikusanyiko na miji yenye shughuli, na mwisho wa mwaka ni majira ya mikusanyiko. Uchaguzi mkuu nao huangukia mwanzoni mwa mwaka, kama ule wa Februari 18, 2016 na ule wa Januari 14, 2021, hivyo katika Desemba inayoutangulia ni askari polisi wachache mno wanaoonja likizo. Askari wa usalama barabarani ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote, kwa kuwa yeye husimama kando ya njia akiwatazama watu wa nchi nzima wakienda makwao.

Juu ya hao wapo walio mbali zaidi. Tangu Machi 2007, Waganda walipokuwa wa kwanza kutua Mogadishu chini ya ujumbe wa Umoja wa Afrika uliojulikana kama AMISOM, ambao mwaka 2022 uligeuzwa kuwa ATMIS na mwaka 2025 kuwa AUSSOM, maelfu ya wanajeshi wetu wamepitisha sikukuu baada ya sikukuu nyuma ya magunia ya mchanga. Tangu mwisho wa Novemba 2021 wengine wamo katika misitu ya mashariki ya Kongo katika Operesheni Shujaa. Askari wa namna hiyo hupewa likizo yake Machi, au Juni, au Septemba, kwa zamu. Hufika nyumbani akamkuta mama yake na wajukuu, kwa kuwa ndugu zake wako mjini wakitafuta riziki na majirani wako shambani. Hukaa siku kumi, akaezua paa lililooza na kuliezeka upya, akalipa deni la dukani, akarudi kambini. Ameiona nyumba, hakuuona ukoo. Lile baraza tulilolitaja litakaa Desemba, naye yuko zamu.

Yafaa pia kusema neno juu ya njia, maana safari yenyewe ni sehemu ya gharama. Mwananchi wa kaskazini hana budi kuuvuka mto Nile, na daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, ndilo limekuwa lango lake kwa miaka mingi. Lilipofungwa kwa magari yote mwezi Septemba 2024 ili litengenezwe, aliyekuwa akienda Gulu ilimbidi azunguke ama kwa Pakwach ama kwa Mbale na Soroti, na kila kilomita ya mzunguko huo ilikuwa fedha. Hatari nayo haijapungua. Oktoba 22, 2025 ajali ya mabasi na magari mengine katika wilaya ya Kiryandongo, kwenye barabara hiyo hiyo ya Kampala na Gulu, iliua watu zaidi ya 40 kwa usiku mmoja. Mwaka 2024, kwa hesabu ya polisi wenyewe, ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 5,000 katika Uganda. Idadi hiyo ni kubwa kuliko ile ya watu waliouawa kwa silaha katika mwaka wowote wa karibuni, na sisi wenye kuandika sana juu ya magaidi twapaswa kuikumbuka.

Sasa tuitazame nchi ya Acholi, kwa kuwa hapo jambo letu laonekana wazi kuliko mahali pengine.

Mvua za huko ni za msimu mmoja mrefu, zianzao mwezi Aprili au karibu yake na kukoma kuelekea Novemba. Kwa hiyo Desemba hukuta ufuta umekwisha kupukutwa na mtama umeingizwa ghalani. Majani ya kuezekea yamekauka na yanaweza kukatwa. Maji ya vijito yamepungua, na njia zapitika. Hayo ndiyo majira ya kuezeka nyumba, ya kuoza mabinti, na ya kumaliza matanga ya waliofariki wakati wa kazi za shamba, kwa sababu chakula kipo na watu wana nafasi. Aliyekaa mbali kwa muda mrefu, hasa kama huko alikokuwa kulikuwa na vita, haingii uani kama mpita njia. Huwekewa yai pale mlangoni, akalikanyaga kwa mguu mtupu kabla ya kuwakumbatia watu wake. Desturi hiyo huitwa nyono tong gweno, na wengi waliotoka msituni baada ya kutekwa na waasi wamepokelewa hivyo. Jioni huwashwa moto wa uani, wang oo kwa lugha yao, na hapo wazee husema na vijana.

Wageni walioandika juu ya moto huo wamezoea kuusifu kwa hadithi za sungura na fisi. Hadithi zipo, lakini mzee pale motoni huwa akisema pia kwamba shamba la baba yake mkubwa lilianzia kwenye kichuguu kile, likashuka hadi kwenye mti wa mshea uliopigwa na radi, likafuata kijito mpaka penye makaburi mawili. Hana ramani wala hati. Ana mashahidi, nao ni wale vijana wanaomsikiliza, ambao kesho yake asubuhi hutembea naye mpakani wakatafute mbuzi waliopotea, na kila mmoja akaona kwa macho yake. Katika umiliki wa kimila, ambao Katiba yetu ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zinautambua sawa na aina nyingine za umiliki, hiyo ndiyo daftari ya ardhi. Huandikwa upya kila mwaka katika vichwa vya watu waliokuwapo.

Ikawaje basi daftari hiyo ilipofungwa kwa miaka kumi na zaidi? Katika vita vya waasi wa Lord's Resistance Army, hasa tangu mwaka 1996, wananchi waliondolewa majumbani mwao na kuwekwa katika kambi kama ile ya Pabbo, na vita vilipofika upeo wake watu zaidi ya milioni moja na nusu katika kaskazini nzima walikuwa wakiishi humo. Haikuwezekana kuwasha moto wa uani mahali ambapo nyumba zilibanana paa kwa paa na watu waliamriwa kuwa ndani kabla ya giza. Wazee wengi walifia kambini, wakazikwa kambini. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1996 alikuwa na miaka kumi yalipotiwa sahihi mjini Juba, Agosti 26, 2006, makubaliano ya kusimamisha mapigano. Naye hakuwa amepata kulala hata usiku mmoja katika boma la babu yake.

Watu walipoanza kurudi, walikuta msitu. Mahali pa nyumba ya zamani palijulikana kwa mwembe uliobaki, au kwa jiwe la kusagia. Jamaa nyingi zilirudi kambini kufukua mifupa ya wazee wao na kuizika upya nyumbani, na pamoja na heima waliyowapa marehemu, walijua kwamba kaburi ni alama ya mpaka ambayo hakuna jirani anayeithubutu. Lakini mzee aliyejua kichuguu kipi ni kipi alikuwa amekufa, na vijana wawili wa nyumba mbili, kila mmoja akiwa na neno alilosikia nusu kutoka kwa mama yake, walisimama mahali pamoja na mapanga mkononi. Magomvi ya ardhi yakaenea katika Acholi nzima kwa namna ambayo waliorudi hawakuitazamia. Askari polisi waliopangiwa Gulu na Amuru miaka ile watakumbuka kwamba mafaili yao yalijaa habari za mipaka, na kwamba mara nyingi waliogombana walikuwa watu wa tumbo moja.

Twasema haya kwa sababu kambi ya wakimbizi iliwafanyia watu milioni moja na nusu jambo ambalo kambi ya jeshi humfanyia askari mmoja mmoja, polepole na bila kelele. Lugha yetu ina neno moja kwa zote mbili, na kwa habari hii neno hilo halidanganyi. Askari aliyeandikishwa akiwa na miaka 19 na kutumikia miaka 20 amekosa mioto ishirini ya Desemba. Mpaka aliouacha ukiwa kwenye kichuguu, huenda kichuguu kimesawazishwa. Wazee waliomjua, na ambao neno lao lingemthibitisha, wamekwisha kuzikwa. Mtoto wa baba yake mdogo, aliyekuwa akinyonya siku ile alipoondoka, sasa ni mtu mzima mwenye watoto sita, analima pale, na kwa dhati ya moyo wake hajui kwamba kuna mwenye haki mwingine. Huyo si mwizi. Yeye amejaza pengo alilolikuta.

Hali hii haiko kaskazini tu. Katika milima ya Kigezi, ambako ardhi ni haba na imekatwakatwa katika vipande vidogo juu ya vilima mbalimbali, ndugu aliye mbali ndiye apewaye kipande cha mbali, chenye mawe. Katika Buganda, kiini cha mambo ni sherehe ya kumaliza matanga, iitwayo okwabya olumbe, ambapo mrithi hutambulishwa mbele ya ukoo na mambo ya marehemu hupangwa. Asiyehudhuria husikia mambo yamekwisha. Ila Buganda ina nafuu moja kwa askari: siku ya sherehe hiyo haifungwi na kalenda. Hupangwa kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka, mpaka jamaa wawe na uwezo. Mwanajeshi anayeijua tarehe ya likizo yake anaweza kuwaomba wazee waifuate, nao, kwa heshima ya sare, mara nyingi hukubali. Wasioombwa hawana la kukubali.

Yasemwe sasa ya sheria, kwa kuwa wengi wetu hudhani kwamba serikali imekwisha kumlinda askari kwa karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliweka njia ya kupata hati ya umiliki wa kimila. Mwombaji hupeleka ombi kwa kamati ya ardhi ya eneo. Kamati hubandika tangazo mahali pa wazi katika parokia na kwenye ardhi yenyewe, ikawataka wote wenye madai wafike siku ya kusikilizwa. Kisha hupeleka mapendekezo kwa bodi ya ardhi ya wilaya. Ni utaratibu mzuri, na mwananchi aliye kijijini hana sababu ya kuulalamikia. Lakini muda wa tangazo hilo, uliowekwa na sheria, ni wa majuma mawili tu kwa uchache wake. Zamu ya Mogadishu huchukua mwaka mzima au karibu yake. Karatasi iliyobandikwa kwenye mti wa mwembe katika parokia ya Amuru haisomwi na mtu aliye Shabelle ya Chini, na hati ikishatolewa, mzigo wa kuipinga ni wa yule aliyechelewa. Kadhalika, sheria ya muda wa kufungua mashauri huweka miaka 12 kwa madai ya kurudishiwa ardhi. Wapo miongoni mwetu waliokaa mbali na kwao zaidi ya hiyo.

Kuna jambo la fedha, nalo laleta uchungu mwingi katika mabweni. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza katika Uganda mwaka 2009, askari amejiona kama yuko nyumbani kila mwisho wa mwezi. Fedha hufika kwa dakika moja, mtu hafiki. Aliyeko ujumbe wa nje hukusanya posho yake, au huchukua mkopo katika chama cha akiba cha Wazalendo, au kile cha Exodus ikiwa ni polisi, akamtumia kaka yake anunue shamba. Kaka hununua. Mkataba huandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na jina la mnunuzi huandikwa kuwa ni la yule aliyesimama pale na kuhesabu fedha, kwa sababu yeye ndiye aliyeonekana. Pengine kaka hakukusudia ubaya. Mwandishi wa mkataba aliuliza jina, akatajiwa jina. Miaka minane baadaye kaka amefariki, na wanawe hushika karatasi yenye jina la baba yao. Kesi za namna hiyo hufika kwa maafisa wetu wa sheria kila mara, na asilimia kubwa ya uchungu wake ingeondolewa kwa mstari mmoja wa wino unaosema fedha zilitoka kwa nani.

Lakini mzito kuliko yote ni mzigo uangukao juu ya mke wa askari. Sisi huoa tulikopangiwa. Mtu wa Kitgum akikaa Mbarara miaka sita huoa huko, na hilo ni jema kwa taifa. Jeshi limefungamanisha makabila ya nchi hii kuliko hotuba nyingi. Ila bibi huyo na watoto wake huishi katika nyumba za kambi, husema Kiswahili kwa majirani, na huenda hajapata kukifikia kijiji cha mumewe. Siku moja gari la jeshi humfikisha pale nyuma ya sanduku lililofunikwa bendera. Mama mkwe hawezi kusema naye, kwa kuwa lugha zao hazikutani. Mjomba huuliza kwa upole, na wakati mwingine bila upole, huyu ni nani, mahari yake ililipwa kwa nani, na nani alishuhudia. Baraza la ukoo huketi jioni ile ile ya mazishi, naye ni mgeni katika hukumu ya maisha yake.

Sheria iko upande wake kuliko ilivyokuwa zamani. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022 yalimlinda mjane katika nyumba aliyokuwa akiishi na marehemu, na kufanya kuwa kosa la jinai kumfukuza humo. Mali nyingine za asiyeacha wasia zikagawanywa hivi: asilimia 75 kwa watoto, 20 kwa mke au mume, 4 kwa wategemezi, na moja kwa mrithi wa kimila. Zamani fungu la mjane lilikuwa asilimia 15. Hata hivyo sheria hiyo humtazama mke aliyeolewa kwa ndoa inayotambuliwa, ya kidini, ya kiserikali au ya kimila. Aliyekaa na askari miaka kumi katika bweni bila ndoa yoyote husimama nje ya mlango wake. Ndoa ya kimila nayo imekuwa na sheria ya kuandikishwa tangu mwaka 1973, na ni wachache mno walioitumia. Zaidi ya hayo, nyumba ya kambi si nyumba ya marehemu. Ni ya serikali, nayo hutakiwa irudishwe. Ikiwa kijijini hakuna hata kibanda alichojengewa, hiyo nyumba inayolindwa na sheria iko wapi?

Liko jambo moja ambalo sheria imempa askari na kumnyima raia, na laajabisha kuona jinsi lisivyojulikana. Wasia wa kawaida sharti uandikwe, utiwe sahihi, na ushuhudiwe na watu wawili au zaidi. Lakini askari aliyetumwa katika mapigano anaweza kuusia mali yake hata kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa wakati mmoja. Wasia huo ni halali. Kasoro yake ni kwamba ule wa mdomo hukoma baada ya mwezi mmoja tangu mwenyewe, akiwa hai, atoke katika hali ile ya vita. Askari aliyewaambia wenzake wawili katika handaki kwamba shamba lake ni la binti yake, kisha akarudi salama na kufa kwa ajali ya barabarani miezi mitatu baadaye akielekea nyumbani, amekufa bila wasia.

Wako maafisa wa shule ya zamani watakaosema kwamba nyumbani kwa askari ni kikosini, na kwamba mtu mwenye moyo wake shambani hapigani vizuri. Fikra hiyo ilitoka kwa Waingereza wa King's African Rifles, waliotaka kambi iwe kabila jipya lenye lugha yake, na sehemu ya urithi huo ni hiki Kiswahili tunachoandikia. Haikuwa kweli hata wakati ule. Waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 na 1946 hawakuwa na kikosi cha kuwalisha, walirudi makwao. Na katika siku zetu, serikali ilipopunguza jeshi baina ya mwaka 1992 na 1995, askari zaidi ya 36,000 walirudishwa uraiani wakiwa na mabati, majembe na mbegu. Mabati yanahitaji mahali pa kusimamishwa. Aliyekuwa na uwanja unaomtambua aliezeka na kupanda msimu ule ule; asiyekuwa nao aliyauza mabati barabarani, na baadhi yao tuliwakuta tena, kwa masikitiko, katika orodha za watuhumiwa wa unyang'anyi. Kila askari anayetumika leo atastaafu, na wengi watastaafu wakiwa na nguvu za kulima miaka ishirini zaidi.

Kwa hiyo yako mambo ambayo wakuu wa vikosi wangeweza kuyaamua bila kungoja sheria mpya. Ruhusa ya kwenda msibani hutolewa upesi, kwa kuwa kila afande anaelewa kifo. Ombi la kwenda kwenye baraza la ukoo au kumaliza matanga huchukuliwa kama ombi la starehe, likawekwa chini ya rundo. Lingestahili uzito ule ule. Kabla ya kikosi kuvuka mpaka, askari hupimwa afya na kukaguliwa bunduki. Nafasi ya saa moja mbele ya afisa wa sheria, aandike wasia na majina ya mke na watoto, isingechelewesha ndege. Na ofisi za wilaya zingeweza kuombwa kwamba pale jamaa ya mwombaji wa hati ya ardhi inapojulikana kuwa na mtu jeshini au polisi, tangazo lipelekwe pia katika makao ya kikosi chake. Kwa simu na karatasi zilizopo leo, hilo ni kazi ya karani mmoja.

Lipo na la watoto, ambalo halihitaji kibali cha mtu yeyote. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Desemba na kufunguliwa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, na katika majuma hayo yote watoto wa kambini huzurura baina ya kantini na uwanja wa gwaride. Baba yao yuko zamu, lakini zamu hiyo haiwahusu wao. Nauli yao ni nusu ya ile ya mtu mzima wakipakatwa, na njia ina hatari kidogo wakisafiri mchana, kabla ya juma la mwisho la msongamano. Mama yao akiwapeleka, wataanza kwa kuona haya, na bibi yao atawacheka kwa jinsi wanavyosema kama makoplo. Kufikia siku ya kumi watakuwa wakijua jina la kijito, na babu, kama bado yuko, atakuwa amewatembeza hadi penye makaburi mawili na kuwaambia ni ya nani.